Maziwa Yenye Harufu ya Chenza

Marashi yale kwangu yalikuwa baridi. Hiyo ndiyo habari yake yote ninayoweza kuitoa kwa uhakika. Unabonyeza, yanatoka kama ukungu, yanatua shingoni, shingo inapoa, na kama umejikuna mahali panawasha kidogo. Basi. Binti yangu Jenifer, anayeuza katika duka la vipodozi mjini Same, alinieleza kwamba yanaanza na chenza, yanafuata maua ya mchungwa, na mwishoni unabaki utamu fulani kama wa keki, ambao haubanduki kwenye nguo. Nikamwitikia, "Kweli, chenza kabisa." Angeniambia ni mafuta ya taa ningemwitikia vilevile, maana pua yangu ilikuwa imekufa tangu kabla ya Pasaka.

Ilikufa kwa mafua. Wala si mafua ya kulazwa, mafua ya kawaida tu, ya kujifunika blanketi na kunywa maji ya tangawizi, ambayo hapa Myamba hayakosekani, kwa kuwa tangawizi ndiyo tunayolima, ndiyo tunayoanika, na ndiyo tunayogombania mipaka. Mafua yakaisha, nikainuka, nikabandika maziwa jikoni. Yakaungua nikiwa nimesimama palepale, nikimwita mume wangu Asheri aje anywe chai. Yeye ndiye aliyesema kutoka uani, "Mama Jeni, kuna kitu kinaungua huko." Nikamjibu kwamba nimeshaona. Sikuwa nimeona chochote.

Nilidhani itarudi. Nilinusa vitunguu, nikanusa samli, nikaenda kunusa zizi. Nilinusa hata soksi za Asheri, jambo ambalo katika ndoa yetu yote sikuwahi kulifanya kwa hiari. Kimya. Mtu mwingine angekwenda zahanati, akaambiwa asubiri, akarudi nyumbani kusubiri. Lakini mimi nilikuwa mpokea maziwa.

Kikundi chetu cha akina mama kina banda karibu na soko. Kila asubuhi wanawake wanaleta maziwa kwa ndoo na madumu, yanapimwa, yanachujwa kwa kitambaa, yanamiminwa kwenye keni kubwa, na Zefania anayapakia kwenye pikapu yake kuyateremsha Same kwa mama mmoja anayegandisha mtindi. Kipima maziwa kinakamata maji. Hakikamati ndoo iliyooshwa kwa haraka, wala maziwa ya jana jioni yaliyochanganywa na ya leo, wala ng'ombe aliyeruka ua akala vitunguu vya jirani. Hayo yanakamatwa na pua. Mpokeaji anafunua kifuniko na kuinama papo hapo, kwa sababu hewa ya kwanza ndiyo inayosema kweli, na ikishatoka hairudi.

Mimi nilikuwa na pua. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu haipo tena, na marehemu husifiwa. Niliwahi kumwambia mama mmoja mbele ya foleni kwamba leo ng'ombe kakamuliwa na mumewe, na mumewe amerudia kuvuta sigara. Alikwenda nyumbani akamkuta na pakiti. Nikipita sokoni watu walikuwa wananionyesha kwa wageni: yule pale ndiye Mama Jeni, ukimpelekea maziwa mabovu afadhali umwage njiani. Kwa mshahara kazi ile si kitu. Ila mimi sikuwa na kitu kingine ambacho watu walinijua nacho, na sikuwa tayari kukiachia.

Kwa hiyo nilijifunza kunusa nyuso. Mtu mwenye maziwa safi anapofika mbele anaendelea na maneno yake, anamcheka aliye nyuma, anamvutia mtoto kanga mgongoni. Mwenye maziwa ya jana anaangalia mkono wangu. Nikiona jicho linafuata mkono, natia kidole kwenye ndoo na kuonja, maana ulimi ulibaki mzima, uchachu naupata. Halafu nainua kichwa na kusema, "Haya peleka kwa ndama." Miezi yote ile hakuna maziwa mabovu yaliyopita mikononi mwangu, na atakayesema yalipita alete ushahidi.

Kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine. Mtu asiyesikia harufu hajisikii hata mwenyewe. Mimi naamka kwa ng'ombe, napikia kuni, napanda mlima nikitoka jasho, halafu naingia kanisani na kukaa kwenye benchi pamoja na watu. Nilianza kuogopa. Jumapili moja mwanamke aliyekaa karibu nami akasogea pembeni, nami ibada nzima sikusikia neno, nikawa nabana makwapa. Nilipotoka ndipo nilipoona alikuwa amempisha mtoto wake. Haikunisaidia kitu, kwa sababu hofu ilikuwa imeshaingia. Nikaanza kuoga mpaka Asheri akauliza kama tuna msiba. Na huwezi kumwuliza mtu, "Samahani, hivi nanuka?" Hasa wewe ambaye kazi yako ni kujua nani ananuka.

Ndipo Jenifer alipokuja kututembelea na chupa yake. "Mama, uwe unajipulizia unyunyu," akasema. "Na wewe ni mwanamke." Alipoondoka nikaanza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bandani, nilijipulizia hadi nilipoona inatosha, na kwa kuwa sikuona chochote, haikutosha mapema.

Maoni yangu kuhusu marashi yale niliyapata kwa watu wengine. Nyuki walinitoa migombani wakanisindikiza hadi barabarani. Watoto wa jirani walinizunguka wakiomba pipi, nikawaambia sina, wakanitazama kama mtu mchoyo. Mchungaji alinipa mkono mlangoni mwa kanisa, akavuta pumzi, akasema siku hizi anasikia njaa mapema. Asheri alipiga chafya, akatoka nje, akamalizia chafya zake huko na kwenda shambani. Nikahesabu hayo yote kuwa dalili njema: sinuki. Kwa mara ya kwanza tangu mafua yale nilitembea bila kubana mikono.

Mtaniuliza ilikuwaje hakuna aliyejua kwamba ni marashi. Hapana, hakuna aliyejua. Manukato tunayoyajua sisi yana harufu ya manukato. Yananukia waridi, au udi, au poda ya bibi harusi, na hata kipofu anajua hapa pamepita mtu aliyejipulizia. Mtu anayenukia chenza huku kwetu amekula chenza. Tena mimi, mwenye mabuti ya mpira na aproni, mzee wa kanisa la Kilutheri, nani angenidhania?

Siku moja Zefania akarudi kutoka Same na keni imejaa vilevile kama alivyoondoka nayo.

"Shikamoo mama. Mzigo umegoma," akasema.

"Marahaba. Umegoma kwa nini?"

"Yule mama wa mtindi amewaka balaa. Anasema yana harufu."

"Harufu ya nini?"

"Mimi ni dereva, mama. Ameniambia harufu, nimekuletea harufu."

Tukayagawana, tukayanywa, hakuna aliyeumwa. Nikasema labda keni haikuoshwa vizuri, nikazisugua zote kwa maji ya moto na mikono yangu mwenyewe. Wiki iliyofuata keni ikarudi tena. Safari hii Zefania alikuja na ujumbe kamili: mtindi unaonja kama juisi, wateja wanauliza kama ni aina mpya, aliyeusifu ni mtoto mmoja tu, na ikitokea tena yule mama atanunua maziwa yake kwingine. Mwenyekiti wetu Honorata akatuita wote bandani mchana ule ule.

Honorata ni mwanamke wa haki sana, na watu wa haki sana wanachosha. Hakutaka maneno. Alifunua keni iliyorudi, akainama, akainuka.

"Chenza," akasema.

Mmoja mmoja wakapita kunusa kama watu wanaoaga maiti. Kila aliyeinuka alisema chenza. Zamu yangu ikafika. Niliinama, nikakaa kidogo humo ndani kwa heshima ya kazi, nikainuka.

"Chenza," nikasema, kama wenzangu.

"Ng'ombe akila kitunguu maziwa yananuka kitunguu," Honorata akasema. "Akila majani ya tangawizi yananuka tangawizi. Haya, hapa kwetu nani ana michenza?"

Wote wakageuka kumtazama Rahabu.

Rahabu ni mke wa Elibariki. Alizaliwa Ndungu, kwa watu wa mpunga, akaolewa huku juu ambako mpunga haumsaidii mtu. Elibariki ana michenza kando ya mto, na msimu uliopita Rahabu mwenyewe alituambia, kwa kicheko, jinsi ng'ombe wake anavyopenda maganda. Ni ng'ombe mmoja tu, na ndiye anayemsomesha mtoto wao na kununua sabuni. Akitolewa kwenye kikundi maziwa yale hana pa kuyapeleka, maana Myamba kila nyumba ina ng'ombe wake au inapakana na mwenye ng'ombe.

"Machenza yalikwisha mitini siku nyingi," Rahabu akasema. "Mje muone. Anakula migomba na majani tu, kama wenu."

"Na harufu imetoka wapi?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Honorata akasema, akimtazama kwa huzuni. "Hata Mama Jeni maskini inamnukia mwili mzima, kwa kushika maziwa yako kila asubuhi. Ukipita karibu yake ni kama umepita karibu na gunia la machenza."

Wanawake wakaitikia kwa kichwa, wakanipa pole. Nikazipokea zile pole. Hapo ndipo nilipojua. Kitambaa cha kuchujia huwa nakichemsha nyumbani, nakianika, na asubuhi nakizungusha shingoni nikienda bandani ili mikono ibaki huru kubeba ndoo yangu mwenyewe. Kilikuwa shingoni, mahali pale pale panapopoa. Maziwa yote ya Myamba yalikuwa yakipita katika marashi ya binti yangu kabla ya kwenda Same.

Ningesema pale pale yangeishia pale pale. Lakini fikirini. Nikisema ni marashi yangu, mtu atauliza: wewe mwenye pua ya kumkamata mvuta sigara kupitia kwa ng'ombe, ulijimwagia chenza na ukaikosa kwenye ndoo? Swali hilo lina jibu moja, na jibu hilo lingenivua aproni. Nikanyamaza.

Honorata akatoa uamuzi. Kesho asubuhi ndoo ya Rahabu itafunguliwa ya kwanza, mbele ya watu wote, na Mama Jeni atanusa. Ikiwa na chenza, Rahabu apeleke maziwa yake anakojua. Rahabu akanigeukia akasema, "Mimi kwa Mama Jeni sina wasiwasi. Pua yake haionei mtu." Nikatamani dunia ipasuke, hasa upande niliosimama.

Nikarudi nyumbani nikajipangia. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Marashi yabaki kabatini. Nijisugue. Kitambaa kipya, kibebwe ndani ya sufuria yenye mfuniko. Nitainamia ndoo ya Rahabu, nitasema safi, na kwa kuwa itakuwa safi kweli, kila atakayenusa baada yangu ataona safi. Rahabu atabaki, mimi nitabaki, chenza itakuwa muujiza uliopita, na mtindi utarudi kuwa mtindi. Nilijisugua kwa sabuni ya mche hadi shingo ikauma. Nikafua gauni, nikafua kanga, nikafua aproni. Nikalala nikijiona mwanamke mwenye akili.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ile yetu ya mlimani, nikavaa sweta. Lilikuwa sweta lile lile la kijani nililolivaa kila asubuhi, nikijipulizia juu yake. Sikulifikiria. Mtu mwenye pua angelifikiria kabla hajalifikia msumarini.

Walikuja wote, hata wasio na ng'ombe. Rahabu akaweka ndoo yake juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono. Uso wake niliusoma, hauna neno. Nikafunua, nikainama, sweta langu likining'inia juu ya maziwa yake, nikainuka.

"Safi," nikasema.

Honorata alikuwa ameinama ubavuni kwangu, na sasa alikuwa akinitazama.

"Safi?" akasema. "Mama Jeni, mbona chenza ile pale?"

Mwingine akasogea akanusa. "Ipo. Tena leo imezidi."

"Mama Jeni anamhurumia," sauti ikatoka nyuma. "Ana moyo, lakini kikundi si moyo."

Wakaanza kusema wote pamoja. Kwamba huruma ndiyo inayoua vikundi. Kwamba mtu wa Ndungu ni mtu wa Ndungu tu. Kwamba Elibariki alionywa aoe hapa hapa. Rahabu akaja hadi mezani, akasimama mbele yangu, akilia bila kujifuta.

"Mama, usinihurumie," akasema. "Sema kweli. Wewe ukisema yana chenza, mimi naondoka, sitabishana. Labda kuna kitu ng'ombe anakula mimi sijui. Nilikesha nikimchungulia."

Mlango ulikuwa wazi kwangu. Ningesema tu, "Mwanangu, yana chenza," naye angechukua ndoo yake na kuteremka. Wangenisifu kwa ukweli. Ningechoma sweta mchana, na kesho yake maziwa yangekuwa safi, na ushahidi wa kosa la Rahabu ungekuwa huo huo usafi wenyewe. Nawaambia niliiona njia hiyo yote, hadi mwisho wake, na ilikuwa njia nyoofu. Halafu nikamwona yule mtoto wa watu amekaa zizini usiku kucha akimlinda ng'ombe asile kitu ambacho hakikuwepo. Nikaona aibu kuliko hofu.

"Ni mimi," nikasema. "Chenza ni mimi. Ni marashi. Jenifer aliniletea."

Wakacheka. Si kwa ubaya, waliona natania ili kupoza mambo. Nikavua sweta, nikamrushia Honorata. Akalinusa, akaacha kucheka, akampa aliyefuata. Sweta likazunguka banda zima.

"Na hukusikia?" Honorata akauliza. "Wewe?"

"Sisikii kitu. Tangu kabla ya Pasaka sisikii kitu chochote. Nyinyi wote kwangu ni kama maji."

Kama nilivyosema, Honorata ni mtu wa haki, na haki kwake haitoshi bila ushahidi. Akaagiza nifungwe macho kwa kanga, wakaniletea vitu puani kimoja kimoja. Nilijibu tangawizi kwa kila kimoja, maana Myamba ukibahatisha tangawizi huwezi kukosa vyote. Nilipata kimoja. Vingine, nilivyoambiwa baadaye, vilikuwa samli, kahawa na mavi ya mbuzi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Honorata akasema akinifungua kanga. "Wewe una bahati umeumbuliwa na chenza." Akanyoosha mkono, nami nikamvulia aproni. Akaivaa yeye mwenyewe, kwa kuwa siku ile hapakuwa na mwingine. Ilimbana.

Nilimfuata Rahabu nje. Alikuwa ameshapokelewa maziwa yake, anasuuza ndoo bombani. Nilitegemea nini, sijui. Labda asante.

"Jana mchana ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilikuwa najua."

Akamwaga yale maji, akachukua ndoo, akashuka kwenda kwao. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Iliniuma hadi nikaketi pale bombani, mama mzima, watu wananipita na ndoo zao.

Nyumbani nilimkuta Asheri amekaa anachambua mbegu za tangawizi. Huyu ni mtu anayetumia maneno kama yananunuliwa.

"Wamenitoa," nikamwambia.

"Nimesikia." Myamba habari humtangulia mwenyewe.

"Pua yangu imekufa, Baba Jeni. Tangu mafua yale."

"Hilo nalijua."

"Unalijua? Umelijuaje?"

"Ulinipikia samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Walikuwa wameoza."

Nikaikumbuka siku ile. Samaki walikuwa wachache, nikampa yeye wote kwa heshima, mimi nikala ugali na mboga.

"Na ukawala?"

"Nikawala."

"Kwa nini hukusema?"

Akatupa mbegu mbovu pembeni, akachukua nyingine. "Ulikuwa umesimama unanitazama. Ulikuwa unataka wawe wazuri."

Nikakaa karibu yake. Kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha sokoni, sasa ningeweza kuuliza. "Na marashi je? Hukuona ni mengi? Unapiga chafya kila asubuhi na huniambii kitu."

Hapo aliacha mbegu. "Nilidhani umepata furaha," akasema. "Ulikuwa umenyong'onyea tangu yale mafua, halafu asubuhi moja ukaanza kunukia. Nikasema nisiulize, isije ikaisha."

Nililia. Sikulia bandani mbele ya kanga na mavi ya mbuzi, nikalia pale, juu ya mbegu za tangawizi, naye akazisogeza taratibu zisilowe.

Kesho yake ng'ombe alikuwa amejaa kama kawaida, ng'ombe hana habari ya mikutano. Nikakamua, nikabeba ndoo, nikaenda bandani kama mwanachama yeyote. Sikujipulizia kitu. Nilikuwa nimevaa nguo ambazo sikujua zina harufu gani, na mwili ambao sikujua una harufu gani, na nikasimama kwenye foleni kati ya watu. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa Rahabu. Sikumsalimu, kwa sababu mdogo ndiye anayesalimia, na sikuwa na uhakika kama bado mimi ni mkubwa.

Foleni ikasogea. Kule mbele Honorata alikuwa akiinama na kuinuka, akimgombeza mtu kuhusu kifuniko. Rahabu alitazama mbele muda mrefu. Halafu akageuka, akanisogelea, akaniinamia shingoni pale pale mbele ya watu, akavuta pumzi kama mtu anayefunua ndoo.

"Shikamoo mama," akasema. "Bado kidogo, hapa nyuma ya sikio. Kesho nitakwambia kama imeisha."

"Marahaba," nikasema. Akageuka tena mbele, na tukasogea.